Bango la unabii la Danieli na Ufunuo: sanamu safi, wanyama wanavumilika, vidole vya miguu ni balaa

Wakuu salama. Kuna watu wananiuliza sana kuhusu lile bango la unabii tunalotumia darasani kwetu kanisani, sisi Waadventista, tumelitoa wapi, bei gani, na je linafaa kubebwa kwenda kwenye efoti (mikutano ya injili ya uwanjani, usiku baada ya usiku) au ni la kutundika ukutani tu, nikaona niandike mara moja kwa urefu maana kumjibu mmoja mmoja wasap nimechoka. Duka silitaji. Kuna sehemu naenda kulisema vibaya na jamaa wenyewe ni vijana waungwana tu wanaojitafutia. Itoshe kusema ni moja ya yale maduka ya printi yaliyojaa Kariakoo, unaingia na flashi unatoka na bango.

Mzigo wenyewe ni fleksi moja ndefu, mita tatu kwa moja na nusu. Kushoto kuna sanamu ambayo mfalme Nebukadreza wa Babeli aliiota kwenye Danieli 2, katikati juu wanyama wanne wa Danieli 7, chini yao kondoo na beberu wa Danieli 8, kulia yule mnyama wa Ufunuo 13 anayetoka baharini, na chini kabisa mstari wa miaka unaoanzia 605 KK. Unapewa na kijitabu cha maelezo, karatasi chache zilizopigwa pini. Walianza na elfu sabini na tano, tukaongea, ikaishia sitini. Kwa fleksi ya saizi hiyo ambayo kazi ya kudizaini imeshafanyika mi naona bei sio mbaya, ukimpa dizaina aanze upya utalipa zaidi ya hapo na bado atakuchorea simba kama paka.

Printi yenyewe ni nzuri. Tunalikunja, tunalibeba kwenye boda, linanyeshewa, linaanikwa, na wino haujabanduka. Maandishi makubwa yanasomeka ukiwa umekaa viti vya nyuma kabisa, hilo nalipongeza kwa dhati maana tulishawahi kua na chati za karatasi ambazo mwalimu mwenyewe alikua anavaa miwani ili asome.

Sasa sanamu. Kwa kweli hapa wamefanya kazi. Kichwa cha dhahabu kinawaka, unaona kabisa ni dhahabu, na pembeni wameandika Babeli, 605 hadi 539 KK. Kifua na mikono ya fedha Umedi na Uajemi, 539 hadi 331. Tumbo na viuno vya shaba Uyunani, 331 hadi 168. Miguu ya chuma Rumi, 168 KK hadi 476 BK. Kila mwaka umekaa usawa wa kiungo chake kwaiyo kijiti cha mwalimu kinatembea kutoka juu kwenda chini bila kuvuka vuka bango zima. Ambao hamjazoea hii miaka, 539 ndo Koreshi aliingia Babeli, 331 ni vita vya Gaugamela ambapo Aleksanda alimaliza habari ya Dario wa Tatu, 168 ni Pydna, Warumi walipoivunja Makedonia, na 476 ni pale Odoacer alipomtoa madarakani kijana Romulus Augustulus kule magharibi. Upande wa mashariki Rumi iliendelea kule Konstantinopoli mpaka 1453, bango halisemi hilo na mi naona wangelisema, ile miguu si iko miwili jamani.

Kasoro ya sanamu ni moja na sio ndogo: fedha imetoka kijivu na chuma nacho kijivu. Mchana unatofautisha kwa shida. Usiku chini ya taa ya efoti, ile ya njano inayovutia kumbikumbi, kifua na miguu ni rangi moja kabisa, na hapo somo limeshaharibika maana hoja nzima ya ile ndoto ni kwamba madini yanabadilika, thamani inashuka huku ugumu unapanda. Dhahabu kwa Babeli sio mapambo tu. Herodotus aliyeandika karne moja hivi baada ya Babeli kuanguka anasema makuhani walimwambia sanamu ya mungu wao mkuu pamoja na meza yake na kiti chake vilikula talanta 800 za dhahabu. Na huyo huyo Herodotus ukimsoma anapoorodhesha kodi za Uajemi, majimbo karibu yote yanalipa kwa fedha. Wagiriki na mavazi yao ya vita ya shaba ndo usiseme. Ukiwa na rangi sahihi hayo yote unayafundisha kwa dakika tano, ukiwa na kijivu juu na kijivu chini unabaki kusema "hapa muone kama fedha". Mwambieni kijana wa printi aiongezee fedha weupe kabla hajabonyeza.

Wanyama wa Danieli 7 sasa. Simba mwenye mabawa ya tai yuko vizuri. Tena kwa Babeli simba ni kitu unachoweza kukishika kwa mkono, ile barabara yao ya maandamano iliyokua inaelekea lango la Ishtar ilikua na simba wa matofali ya kung'aa kuta zote mbili, Wajerumani chini ya Robert Koldewey walichimba pale kuanzia 1899 na simba wengine leo wako Berlin. Yeremia nae anamwita huyo adui simba aliyepanda kutoka kichakani, Habakuki anasema wapanda farasi wake wanaruka kama tai. Kwaiyo Danieli anapoona simba mwenye mabawa, msikilizaji wa siku zile alikua hana haja ya kuambiwa ni nani.

Dubu amekaa. Amekaa tu kama dubu wa katuni, miguu yote chini, wakati andiko linasema wazi aliinuliwa upande mmoja, na huo upande mmoja ndo utamu wenyewe, Waajemi waliwazidi Wamedi nguvu ndani ya ufalme mmoja. Ukimchora amekaa sawa umeondoa nusu ya maelezo. Kwenye mbavu tatu mdomoni wameandika Lidia, Babeli, Misri. Ni maelezo yanayoingia akilini, Koreshi aliichukua Lidia mwaka 546 hivi, Babeli 539, mwanae Kambise akaichukua Misri 525. Ila Danieli hakuandika hayo majina kwenye mbavu. Mshike hilo, narudi kwake.

Chui ndo kichekesho. Siku ya kwanza tumelitundika, dogo mmoja wa darasa la watoto ambaye kwao ni upande wa Serengeti akanyosha mkono, "Mwalimu, huyo sio chui, ni duma." Nikageuka kuangalia. Kweli bwana, ile mistari myeusi inayoshuka kama machozi kutoka jichoni hadi mdomoni ipo, madoa ni ya kudonolewa donolewa, mwili mwembamba. Duma mwenye mabawa manne na vichwa vinne, na vichwa vyote vinalia. Dizaina atakua alitafuta picha kwenye mtandao akachukua ya kwanza aliyoiona, na mtu wa kuhakiki hakuwepo. Watoto sasa hawalisahau hilo bango, kila Sabato lazima mmoja aseme "yule duma wa Aleksanda". Na kiukweli kama hoja ni kasi, duma hajakosea sana, jamaa alivuka kuingia Asia 334 na kufikia 331 Uajemi imekwisha. Lakini biblia imesema chui na nchi hii haina upungufu wa picha za chui.

Mnyama wa nne wamemchora dainosa. Sina ugomvi sana maana Danieli hakusema anafanana na mnyama gani, alisema tu anatisha na ana meno ya chuma makubwa. Ila ukisoma hadi mstari wa 19 ana makucha ya shaba, na ya huyu ni meusi. Meno ya chuma wamepatia, na wamevuta mshale kutoka meno hadi miguu ya sanamu, chuma kwa chuma. Huo mshale ndo kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote kwenye bango zima. Mgeni ambae hajawahi kufungua Danieli anaelewa palepale kwamba sura ya 2 na ya 7 zinasema habari ileile, mfalme mpagani ameiona kama sanamu ya kumetameta, nabii ameiona kama mbuga ya wanyama wanaorarua.

Danieli 8 ndo panaponiuma, kwa sababu ndo sehemu ambayo biblia yenyewe inatoa majibu na wao ndo wamechora kizembe kuliko kote. Kondoo dume ana pembe mbili zinazolingana. Andiko: moja ndefu kuliko nyingine, na ile ndefu ilizuka mwisho. Ni Umedi ya zamani na Uajemi iliyokuja nyuma ikapita. Beberu kwenye bango amesimama kwenye majani, kwato zimezama. Andiko: alikuja kutoka magharibi juu ya uso wa dunia yote bila kugusa nchi. Sasa hapo si ungemnyanyua sentimita mbili tu ndugu yangu, kazi ya mausi sekunde moja! Afu mistari ya 20 na 21 malaika anasema kabisa kondoo ni wafalme wa Umedi na Uajemi, beberu ni mfalme wa Uyunani na pembe kubwa ni mfalme wa kwanza. Hakuna ubishi. Aleksanda alikufa Babeli mwezi wa sita 323 KK hajafikisha miaka 33, majemadari wake wakapigana miaka na miaka, na baada ya vita vya Ipsus 301 KK ndo unapata wale wanne wanaotajwa siku zote, Kasanda Makedonia, Lisimako Thrake na sehemu ya Asia Ndogo, Tolemi Misri, Seleuko Siria na Babeli. Hizo pembe nne zilizoota ile kubwa ilipovunjika wameziweka na majina yake vizuri, hapo sawa.

Ufunuo 13 nitapita haraka. Mwili wa chui (huyu ni chui kweli, sijui kwanini hawakumtumia kule), miguu ya dubu, kinywa cha simba, yaani wale wa Danieli wamerudi kwa mpangilio wa kinyume kwa sababu Yohana anaangalia nyuma kutoka enzi ya Rumi wakati Danieli alikua anaangalia mbele. Wameliandika hilo chini kwa sentensi moja fupi na inatosha. Kosa ni vilemba. Wameweka saba kichwani, hizo ni za joka wa sura ya 12, mnyama wa 13 vilemba vyake ni kumi na viko juu ya pembe.

Haya, vidole.

Mtu aliyetengeneza hili bango amefika kwenye nyayo za chuma na udongo akapagawa. Kila kidole kina bendera. Saba ni za nchi za leo: Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Uswisi, Hispania, Ureno, Italia. Vitatu vina msalaba mwekundu wa kufutwa: Waheruli, Wavandali, Waostrogothi. Alafu juu ya nyayo zote kaweka ile bendera ya bluu ya Umoja wa Ulaya yenye nyota za njano. Sasa angalia kinachotokea hapo. Uswisi haijawahi kua mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020. Na zile nyota ni 12, ni alama tu iliyopitishwa na Baraza la Ulaya mwaka 1955, hazihesabu nchi na hazijawahi kuhesabu nchi, wanachama leo ni 27. Mtu yeyote mwenye simu mkononi anakuangusha katikati ya mahubiri.

Kilichofanyika ni kwamba maelezo mawili tofauti yamegandishwa pamoja. La kwanza ni la kwetu Waadventista tangu enzi, kwamba Rumi ya magharibi ilipovunjika yakatokea makabila kumi yaliyozaa mataifa ya Ulaya na matatu yakang'olewa. La pili ni la wahubiri wengine, hasa wa Marekani, wanaosubiri Rumi mpya ya mataifa kumi siku za mwisho, na hao ndo walioshangilia sana Ugiriki ilipoingia kua mwanachama wa kumi wa jumuiya ya Ulaya Januari 1981. Mwaka 1986 Hispania na Ureno zikaingia, wakawa 12, na habari ikapoa. Hizo ni shule mbili ambazo haziongei lugha moja, huwezi kuzitundika kwenye mguu mmoja ukategemea utembee.

Na hata ile orodha yetu ya makabila, jamani, tuwe wakweli. Danieli 2 inataja vidole vya miguu lakini haisemi ni kumi, hiyo kumi tunaitoa kwenye pembe kumi za yule mnyama wa nne wa sura ya 7. Walombardi wanaowekwa kwenye karibu kila orodha waliingia Italia mwaka 568, zaidi ya miaka tisini baada ya Rumi kuanguka. Waburgundi walimezwa na Wafaranki 534, mbona hawana msalaba mwekundu? Waostrogothi wameandikiwa 538, mwaka ambao kweli walishindwa kuizingira Roma wakaondoka, lakini 546 mfalme wao Totila aliingia Roma tena na hawakumalizwa mpaka Narse, jemadari wa Konstantinopoli, alipowapiga kuanzia 552. Na ni ugomvi wa siku nyingi ndani ya nyumba yetu wenyewe, mkutano mkuu wa Minneapolis 1888 wazee walivutana kama wa kumi ni Wahun au Waalemani, mzee Uriah Smith upande huu, kijana A. T. Jones upande ule, na mvutano ulikua mkali haswa. Kama wao walibishana, bango la elfu sitini linapata wapi ujasiri wa kuandika kwa herufi hizo?

Na hapo ndo ninapotaka kufika. Bango halina namna ya kusema labda. Babeli ambayo Danieli mwenyewe alimwambia mfalme usoni "wewe u kichwa kile cha dhahabu" imeandikwa kwa fonti ileile, unene uleule, rangi ileile na Waheruli. Umedi, Uajemi na Uyunani ambazo malaika amezitaja kwa jina ziko sawa na majina ya mbavu za dubu. Rumi haitajwi na Danieli kama ufalme wa nne, ila maelezo hayo ni ya zamani sana, mwisho wa karne ya kwanza tayari kuna Wayahudi walioandika kwamba yule mnyama wa nne wa Danieli ni tai, na tai wa enzi hizo kila mtu alijua ni nani. Hiyo ni hoja nzito. Vidole vyenye bendera ni hoja nyepesi. Mgeni anayekaa benchi la mbele anaona vyote ni biblia, afu akija kugundua Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya anatupa na kichwa cha dhahabu pamoja na vidole.

Tena haya mabango yana historia hiyo hiyo. Mei 1842 Boston, wahubiri Charles Fitch na Apollos Hale walileta chati waliyoichora kwenye kitambaa, sanamu iko pale, wanyama wako pale, hesabu ziko pale, na hesabu zote zinamwagika kwenye tarakimu moja, 1843, mwaka waliotegemea Yesu angerudi. Mkutano ukaipenda ukaagiza zichapwe 300 na wahubiri wakazunguka nazo kila mahali. Sanamu na wanyama wa ile chati ukiwatundika leo hakuna wa kukupinga sana. Ile tarakimu ndo ililiza watu, ikasogezwa hadi 22 Oktoba 1844, na asubuhi yake mnajua, hakurudi. Tunaisimulia hiyo habari kila mwaka kwenye makambi na bado tunachapa bendera kwenye vidole.

Kuna na pembe ndogo, ile ya Danieli 7 inayozuka kati ya zile kumi, ambayo kwetu tunasema ni Upapa. Kwenye bango imeandikiwa jina kwa herufi nyekundu, na mstari wa 538 hadi 1798. Kanisani kwetu hayo tunayafundisha na tunajua 1798 jenerali Berthier alimkamata Papa Pio wa Sita, sina haja ya kuyarudia. Ila umemwalika jirani yako Mkatoliki mwenyewe, umempa na usafiri, anafika uwanjani kitu cha kwanza anachokutana nacho ni hizo herufi nyekundu, mahubiri bado hata nyimbo hazijaanza. Huyo kesho harudi. Mhubiri mzuri hapo anafika usiku wa tisa au wa kumi kwa taratibu, bango linafika dakika ya kwanza. Mi ningeiacha pembe na macho yake na kinywa chake bila jina.

Kijitabu sasa, kwa kifupi: sio kizuri. Mwaka wa kuanguka Babeli wameandika 593 badala ya 539, na kosa limerudiwa ukurasa wa pili kwaiyo sio bahati mbaya. Hakuna neno hata moja kuhusu watu wanaosoma tofauti, na siku hizi hao unakutana nao. Kijana wetu mmoja yuko chuo, akasimama, "Samahani mwalimu, sisi tumefundishwa kwamba wa pili ni Umedi peke yake, wa tatu Uajemi, wa nne Uyunani, na pembe ndogo ni Antioko Epifane, yule mfalme wa Siria." Na sio kwamba kaokota barabarani, wasomi wengi ndo wanavyosoma, na mpagani Porfiri aliandika hayo ya Antioko tangu karne ya tatu mpaka Jerome akaandika kumjibu. Antioko aliyenajisi hekalu 167 KK yumo kwenye hii habari, sura ya 11 huwezi kuisoma bila kumwona. Tulichomjibu kijana ni kutoka kwenye kitabu chenyewe: usiku wa karamu ya Belshaza, sura ya 5, ufalme unagawanyika na kupewa Wamedi na Waajemi kwa pamoja, na sura ya 8 ni kondoo mmoja, sio wawili. Akasema sawa ila Dario anaitwa Mmedi. Nikasema nayo ni kweli. Tukaendelea, na lilikua darasa zuri kuliko mengi niliyofundisha. Kijitabu kingekua na ukurasa mmoja wa namna hiyo kingekua na thamani, hiki nimekiweka kabatini.

Kitu kingine ambacho nilitegemea kukiona kwenye nyayo na hakipo ni ule mstari wa 43, watajichanganya kwa mbegu za wanadamu lakini hawatashikamana. Huo ndo mstari wenye hadithi! Kina Seleuko na kina Tolemi waliozana wakitafuta amani, Berenike wa Misri akaolewa Siria na ikaishia kwa mauaji na vita. Wahubiri wetu wanapenda zaidi ya 1914, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani na mfalme George wa Uingereza wote wajukuu wa malkia Victoria, Tsar Nikolai wa Urusi kaoa mjukuu mwingine, mabinamu hao wakaingia vitani na vita ikafika mpaka huku kwetu Tanga na Taveta. Unaweza kubisha kama Danieli alimaanisha ndoa zipi, lakini chuma na udongo kutoshikamana unakiona, hauhitaji bendera.

Kwaiyo nyota zangu ni tatu na nusu kati ya tano, nusu ni ya ule mshale wa meno. Kwa mwalimu wa darasa ambaye anaijua Danieli yake, nunua, utafaidi. Kwa mhubiri kijana anayetaka bango limfundishe yeye kwanza, usinunue, au nunua usome sura zenyewe kwanza kabla hujaanza kufuata mishale.

Sisi tumelifanyia hivi. Tulikata kipande cha fleksi nyeupe tukagandisha na velkro juu ya nyayo, kimeandikwa Danieli 2:43 kwa mkono, tukifika huko tunasoma andiko na kuongea, anayetaka kuona bendera anafunua mwenyewe baada ya ibada. Pembe ndogo tumeiwekea kipande kingine kama hicho. Vilemba na kwato za beberu tumeviacha, siku hizi tunawauliza watoto "mchoraji amekosea wapi?" na wanashindana kufungua Danieli 8 kumtafuta, wakimaliza wanahamia kwenye dubu.

Ukienda kununua: omba wakuonyeshe kwanza kwenye kompyuta na uwe na biblia mkononi, sio aibu, we ndo unayelipa. Sema chui awe chui. Kama faili lao bado lina bendera waambie wazifute, ni kazi ya dakika mbili na sisi kopi ya pili tuliyomchukulia mchungaji wa mtaa jirani walitufutia bila kuongeza hela. Mwisho pete za kutundikia, wao wanaweka nne za pembeni tu na upepo ukivuma uwanjani zinachanika, omba nane, nazo ni bure. Na kama unasafiri nalo mkoani usilikunje, lizungushie kwenye bomba la plastiki la inchi nne, wauza vifaa vya maji wanakukatia kipande.